Gari Likikuangalia, Rudi

Nilifika Doha mwaka wa elfu mbili na nne, nikiwa na miaka arobaini na tisa na leseni ya lori. Kwenye ndege kijana mmoja aliniuliza kama ninakwenda kumtembelea mwanangu. Nikamwambia ninakwenda kazini kama yeye, na nitadumu kuliko yeye. Nilidumu miaka kumi na mitatu. Yeye alirudi Kenya kabla mwaka haujaisha.

Sikusoma. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kukata mkonge mashambani chini ya Voi, kutoka hapo nikawa utingo wa lori, kutoka utingo nikawa dereva. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili anayesoma asitafute hapa maneno makubwa. Nitaandika niliyoyaona kwenye nyumba moja, na mengi niliyaona nikiwa nimekaa nyuma ya usukani.

Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini kuingia nchini, alikuwa mtu wa mtaa wa Abu Hamour, mwenye nyumba kubwa ya ukuta mweupe. Nilimzidi miaka kama kumi, lakini nilimwita baba, maana ndivyo madereva wa nyumbani wanavyowaita mabosi wao kule. Mke wake tulimwita mama, na mama yake mzazi tulimwita mama mkubwa. Bosi aliniita shaiba, yaani mzee mwenye mvi. Sikuchukia. Hata kwenye Kiswahili mzee wa namna hiyo ni shaibu, na mvi nilikuwa nazo.

Mwaka wangu wa nne pale, bosi akagombea ujumbe wa baraza la manispaa, akashinda. Kwa mtu wa kwetu ningesema alikuwa diwani. Hakuwa na jeshi wala hazina. Kazi yake ilikuwa kuzisikiliza shida za mtaa na kuzifikisha barazani: taa za barabarani zilizozimika, mabomba ya maji taka yanayofurika, mapipa ya takataka, vumbi la malori ya ujenzi, maana miaka ile mji mzima ulikuwa unachimbwa.

Nyumba za kule zina chumba cha wageni chenye mlango wake peke yake, wanakiita majlisi. Mazulia ukutani hadi ukutani, mito ya kuegemea, kahawa, tende. Mlango wa majlisi haufungwi. Kabla ya uchaguzi walikuja marafiki zake jioni, wakanywa kahawa, wakatazama mpira. Baada ya uchaguzi walikuja watu ambao hata jina lake hawakulijua vizuri. Walikuja asubuhi akivaa, walikuja akila, walikuja na karatasi, na picha za bomba kwenye simu. Mmoja alikuja na kipande cha bomba chenyewe ndani ya mfuko.

Bosi hakuweza kumwambia mtu yeyote hapana. Kila mmoja aliondoka na ahadi. Na kila mwenye ahadi alirudi kesho yake kuuliza imefika wapi.

Hayo nilikuwa nayajua. Mimi mwenyewe huko kwetu vilimani nilikuwa mzee wa kijiji miaka sita, chini ya naibu wa chifu. Hakuna mshahara. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupima mipaka ya mashamba watu wakigombana. Nilikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, nikipima kutoka sale hadi sale, hayo majani yanayopandwa kuonyesha mpaka. Mtu akiita, ninakwenda. Nilijiona mkubwa kwa kuwa naitwa.

Asubuhi moja mama yangu, aliyekuwa anaumwa, aliniambia, "Leo shinda nyumbani." Mlangoni walikuwa wamesimama majirani wawili ambao mpaka wao nilishaupima mara mbili. Nikamwambia mama nitarudi sasa hivi. Wale watu waliniweka hadi alasiri, wanabishana juu ya hatua mbili za ardhi yenye mawe. Niliporudi nilikuta watu wamejaa uani kwangu na wanawake wanalia. Niliingia na kamba bado iko begani. Uzee wa kijiji niliuacha mwezi ule ule.

Kwa hiyo nilipoanza kuona yaliyokuwa yanatokea kwa mama mkubwa, mimi sikuhitaji kuelezwa.

Mama mkubwa alikuwa ameanza kupoteza macho. Aliona mwanga na kivuli tu. Chumba chake kilikuwa chini, dirisha likitazama ua tulipoegesha magari. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa na birika lake la kahawa na vikombe vidogo visivyo na mkono, akimsubiri mwanawe. Alimimina mwenyewe, kwa kusikiliza sauti ya kahawa ikipanda kikombeni. Tangu nifike, saa hizo bosi alikuwa kwa mama yake. Baada ya uchaguzi alianza kuitwa akiwa na kikombe cha kwanza. Anatoka, anasema anarudi. Harudi.

Aliyeniambia hayo ni dada mmoja wa Bungoma aliyekuwa akimhudumia mama mkubwa. Alikuja uani na trei mkononi.

"Mzee, huyu bibi kila siku anamwaga kahawa chooni."

"Kwa nini?"

"Imepoa. Anasema kahawa iliyopoa hampi mwanawe. Na mwanawe haji."

"Si umwambie bosi."

"Mimi? Mimi ni wa vyombo. Mwambie wewe, mwenye ndevu."

Sikumwambia siku hiyo. Bosi mwenyewe ndiye aliyeanza. Siku moja ya baridi, nimemrudisha kutoka msikitini, alasiri, anavua viatu mlangoni kwa mama yake, akaniita.

"Shaiba, mtu akija sasa hivi, mwambie sipo."

"Upo, baba."

"Najua nipo. Mwambie sipo."

"Gari liko hapa. Viatu viko hapa. Ukicheka humo ndani, mtu aliye kwenye pipa la taka barabarani anakusikia. Nitasemaje haupo?"

"Basi utasema nini?"

"Nitasema upo, na saa hizi hupokei watu."

"Hiyo ni aibu kwetu."

"Na mimi kuitwa mwongo na watu wanaoviona viatu?"

Alikaa kwenye ngazi. Nadhani hakuna dereva aliyewahi kumjibu hivyo. Nikaona nimeshaanza, basi nimalize. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokota kwamba kwetu pale shamba linapoishia tunapaita mpaka, na saa jambo linapoishia tunasema mpaka saa fulani. Neno ni lile lile. Nikamwambia nimepima mashamba mengi, na lile lisilo na alama, kila nilipofika na kamba yangu, nilikuta jirani ameshapanda mahindi yake ndani. Akaniuliza kwani mimi nilikuwa nani huko kwetu. Nikamwambia nilikuwa kama yeye, ila bila gari. Na nikamsimulia siku niliyorudi nyumbani na kamba begani.

 Aliviokota viatu vyake, akavipanga kando ya mlango.

"Kutoka alasiri mpaka magharibi," akasema.

"Sawa."

"Mtu yeyote."

"Yeyote? Hata akija mkubwa?"

"Hata akija mkubwa."

Baadaye ndipo nilipojua kwamba aliposema mkubwa alikuwa anafikiria wakubwa wa ofisini.

Sasa, kusimama getini na kumwambia kila mtu hupokelewi ni kazi ya kugombana, na mimi sikuwa na Kiarabu cha kutosha kugombana. Kilichotusaidia ni gari. Asubuhi nililiingiza moja kwa moja, pua ikitazama nyumba. Alasiri nililiingiza kinyumenyume, maana magharibi bosi alikuwa akitoka haraka. Gari lilikuwa na kidude kinacholia tii, tii, tii likirudi nyuma. Bosi alikiweka mwenyewe kwa sababu ya wajukuu wadogo wa nyumba ile, waliokuwa wakicheza uani. Likishaegeshwa hivyo, pua inatazama geti na njia ya kwenda majlisi inabaki nyembamba, mtu apite kwa ubavu.

Watu wa mtaa walijifunza bila kufundishwa. Gari likikupa mgongo, karibu. Gari likikuangalia, rudi, au kaa kwenye kiti cha plastiki kivulini usubiri magharibi. Nilikuwa naweka viti vitatu na chupa za maji. Mwezi wa kwanza vilijaa. Mwezi wa pili vikabaki vitupu, maana kila mtu alishajua aje saa ngapi. Niliwasikia Wahindi wa duka la pembeni wakiambizana, "Gari linaangalia, njoo baadaye." Sikumwambia mtu uongo hata mmoja.

Yule dada wa Bungoma alinicheka. "Mzee, wewe umejifanya chifu wa Waarabu. Kilichobaki ni kofia."

"Kofia ninayo."

"Hiyo ya kukinga jua? Na mkanda wa chifu utakuwa huo wako wa kamba unaofungia suruali?"

Lakini kahawa haikumwagwa tena. Alasiri nilipokuwa nafuta vumbi kwenye kioo nilimsikia mama mkubwa akiongea ndani, anasimulia habari za watu waliokufa zamani, na bosi anacheka. Mtu mzima, mjumbe wa baraza, anacheka kama ameshikwa mbavu.

Ikafika majira ya joto. Siku hiyo joto lilikuwa la kuunguza mkono ukigusa mlango wa gari. Likasimama gari jingine getini, akashuka mzee na fimbo yake. Nilimfahamu. Alikuwa ammi wa bosi, ndugu wa baba yake, na baba yake alipofariki huyo ndiye aliyemlea. Alikuwa na shida na tuta. Manispaa ilijenga tuta barabarani mbele ya nyumba yake, akina mama wa mtaa wakashukuru kwa ajili ya watoto, yeye akasema linamvunja mgongo kila akitoka. Alikuwa ameshakuja mara nyingi kwa ajili ya hilo tuta, mara zote jioni. Leo alikuja alasiri.

Alilitazama gari, gari likamtazama.

"Toa gari."

"Karibu, ammi. Kuna kiti kivulini, na maji ya baridi."

"Sikuja kukaa kivulini. Nimekuja majlisi ya mtoto wangu. Toa gari."

"Majlisi inafunguliwa magharibi, ammi."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa baridi."

"Nani kasema?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba mimi nimemfundisha kutembea."

"Najua, ammi. Yuko kwa mama yake."

Akanikaribia. Alikuwa mfupi kwangu lakini alinitazama kutoka juu, sijui alifanyaje.

"Wewe ni nani?"

"Dereva."

"Na kazi ya dereva ni nini?"

"Kuendesha gari na kuliegesha. Nimeshaliegesha."

Nakubali, hilo la mwisho ningeweza kulimeza. Sikulimeza. Dereva wake, Mhindi wa Kerala, aliinamisha uso kwenye usukani asionekane anacheka. Mzee akasema kwamba Ijumaa ijayo mimi sitakuwepo nchini. Akaingia garini, akaondoka.

Ningeweza pia kwenda kugonga mlango wa mama mkubwa na kumnong'oneza bosi kwamba ammi yake yuko getini. Nilifikiria hivyo akiwa bado amesimama. Sikwenda. Nilijua nikimtoa siku moja kwa ajili ya ammi, kesho nitamtoa kwa ajili ya rafiki wa ammi, na wiki ijayo yule wa kipande cha bomba.

Magharibi simu ya bosi ililia. Alitoka uani akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Umemfungia mlango ammi yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Ammi yangu. Kwenye jua hili."

"Nilimpa kiti cha kivulini."

"Ungeelewa. Una akili, ungeelewa kwamba huyo si mtu wa kuzuiwa."

"Ulisema yeyote. Nikakuuliza mara mbili."

"Mtu anasema yeyote, lakini si yeyote."

"Basi ungenipa majina."

Akanyoosha mkono. "Leta funguo."

Nikampa. Kwa dereva wa nyumbani, kafili akichukua funguo, kinachofuata ni tiketi ya ndege. Niliingia chumbani kwangu pale pembeni ya geti, nikaanza kukunja nguo. Nilikuwa na nyumba Voi iliyofika kwenye madirisha, haijaezekwa. Niliifikiria. Lakini zaidi nilifikiria kwamba kesho alasiri mlango utakuwa wazi, na birika lile litaanza tena kupoa. Hilo ndilo lililoniuma. Ukitaka kucheka, cheka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda kanisani, maana kule ibada yetu ni Ijumaa, siku ya mapumziko, si mbali na pale, na nje nikakutana na rafiki yangu wa Kisumu aliyekuwa mlinzi kwenye mnara mmoja wa West Bay. Nikamweleza.

"Mzee, si uombe tu msamaha? Msamaha haulipiwi."

"Niombe msamaha wa nini? Wa kuegesha?"

"Wa kichwa ngumu."

"Wewe bosi wako akikuambia mtu asipite bila kadi, ukampitisha mjomba wake, anafukuzwa nani?"

"Mimi."

"Na ukimzuia mjomba?"

Akafikiri. "Mimi tu."

Tukacheka mpaka mama mmoja wa kwaya akatugeukia.

"Basi," nikamwambia, "kama ni kufukuzwa, acha nifukuzwe nimefanya kazi."

"Haya. Ukifika Voi nisalimie mkonge."

Bosi alikuwa akiendesha mwenyewe. Siku ile ya Ijumaa alirudi alasiri, akaingiza gari moja kwa moja, pua kwa nyumba, akaenda kwa mama yake. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, mlango wazi, mikono haina kazi. Baada ya muda mfupi sana nikamwona anatoka tena, ameitwa majlisi. Jumamosi vivyo hivyo. Hao watu walionaje? Waliona mgongo wa gari. Wakajua karibu.

Jumamosi hiyo yule dada wa Bungoma akaja na trei yake kwangu.

"Mzee, leo bibi amegoma."

"Amegoma nini?"

"Kahawa. Mwanawe ameingia, amemsalimu, ameketi. Bibi amekaa na birika mapajani, hamimini. Mwanawe akamuuliza, mama, mbona humimini? Akamwambia, wewe umepita tu, bado hujafika. Akasema, nimefika mama, ni mimi huyu. Bibi akasema, gari halijalia."

"Kasema nini?"

"Gari halijalia. Kumbe ile tii, tii yako ndiyo saa yake. Anaisikia dirishani, anaanza kuosha vikombe. Anajua ikilia, mtoto hatatoka tena. Isipolia, anajua ni mgeni kama wageni wengine."

Nilikuwa naegesha gari lile alasiri kwa miezi, na kichwani mwangu nilikuwa naongea na watu wa barabarani. Sikujua kuna mtu upande wa pili wa dirisha anayenisikiliza.

Jumapili alasiri nikasikia gari linaingia, linasimama, linaanza kurudi nyuma. Tii, tii. Halafu likasimama. Tii tena. Halafu mlio wa bati. Bosi alikuwa amegonga nguzo ya geti. Gari lile lilikuwa refu, na yeye tangu ujana wake alikuwa na dereva.

Akaja mlangoni kwangu. Funguo mkononi.

"Shaiba."

"Naam, baba."

"Umesikia?"

"Nimesikia nguzo."

Alitaka kukasirika, akaishia kukaa kwenye kiti changu cha pekee. Mimi nilikuwa kitandani, sanduku limefungwa kati yetu. Akalitazama sanduku.

"Mama hataki kunimiminia kahawa."

"Nimeambiwa."

"Amesema gari linajua kukaa nyumbani kuliko mimi."

 Akaninyooshea funguo. Sikuzichukua papo hapo.

"Na ammi?"

"Ammi nitamwambia mimi. Lilikuwa langu kumwambia tangu mwanzo, nikakuachia wewe na bati la gari."

"Ni kweli," nikasema. "Na mimi ningeweza kumjibu vizuri zaidi."

"Ulimwambia umeshaliegesha."

"Ndiyo."

Akafunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwani. Alikuwa anacheka. Halafu akasema, "Toka uliegeshe vizuri, mama anasubiri."

Nililitoa, nikalirudisha upya, polepole, likalia lote. Nguzo ya geti ilibaki na alama ya rangi nyeupe mpaka siku niliyoondoka Doha.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka kwa ammi yake. Tulipita juu ya lile tuta, na nitasema ukweli, lilikuwa tuta baya. Nilisubiri nje kwa muda wa karibu saa mbili. Bosi alikuwa amezoea kufanya mambo kwa simu na kwa kutuma watu, lakini siku hiyo alikwenda mwenyewe, akakaa chini mbele ya mzee. Sijui alisemaje. Walitoka pamoja, mzee akiwa ameshika bega lake. Mzee akaja dirishani kwangu.

"Magharibi, sivyo?"

"Ndiyo, ammi."

"Na hili tuta?"

"Hilo muulize mjumbe, ammi. Magharibi."

Akapiga tairi langu kwa fimbo mara moja, si kwa nguvu, akarudi ndani. Na jioni hiyo alikuja. Bosi alimweleza mbele ya watu kwamba akina mama wa mtaa wamelitaka lile tuta na halitaondolewa. Nilikuwa naingiza kahawa, nikasikia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitamka hapana pale ndani, na alimtamkia mtu mzito kuliko wote. Mzee alinuna wiki mbili. Halafu akaendelea kuja, na kila alipokuja alianza na tuta.

Baada ya hapo kazi ya bosi ikawa nyepesi kidogo, si sana. Watu ni watu. Wapo waliosema amekuwa na kiburi. Kwenye uchaguzi uliofuata alishinda tena, kwa tabu, na wapo waliomnyima kura kwa sababu ya gari langu. Waliniambia usoni. Niliwaambia sawa.

Mama mkubwa aliishi miaka mitano zaidi. Ningependa kusema alifariki alasiri, mwanawe ameshika kikombe. Haikuwa hivyo. Alifariki asubuhi, saa nne, na bosi alikuwa kwenye kikao cha baraza mjini. Nilipigiwa simu mimi, nikaingia, nikamwita mlangoni. Aliiona sura yangu akakusanya karatasi zake.

Karibu na nyumbani tulisimama kwenye taa nyekundu.

"Jana nilikunywa naye kahawa," akasema.

"Najua, baba. Nililirudisha gari mwenyewe."

"Vikombe vitatu."

"Mungu amrehemu."

Taa ikawa kijani nikaondoka. Alikuwa analia, lakini alilia kama mtu asiyekuwa na deni kwa maiti. Mimi niliendesha na nikahisi ile kamba ya katani begani, pale pale ilipokuwa siku ile. Miaka mingi ilikuwa imepita na bado ilikuwa hapo.

Siku tatu za msiba watu walijaa, gari nikaliweka nje kabisa, majlisi haina saa. Siku ya tano watu walikuwa bado wanakuja, na sasa wengine walikuwa na karatasi zao mifukoni. Pole kwa mkono huu, bomba kwa mkono huu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Alasiri ikaingia. Bosi alikuwa ameketi katikati yao, macho mekundu, anaitikia kila kitu kwa kichwa, kama zamani. Mimi sikujua nifanye nini. Saa ile ilikuwa ya mama mkubwa, na mama mkubwa hayupo.

Ammi yake alikuwa pembeni, anaegemea mto. Akaigonga fimbo yake sakafuni.

"Inukeni," akasema.

Watu wakatazamana. Mmoja akasema kwa adabu, "Ammi, bado ni mapema."

"Ni alasiri. Saa hizi hapokei watu. Hamkuambiwa?"

"Lakini marehemu..."

"Inukeni. Rudini magharibi."

Wakainuka, mmoja mmoja, wakitafuta viatu. Mzee naye akainuka kwa kushika bega la bosi, akaja hadi mlangoni nilipokuwa, akalitazama gari lililokuwa nje.

"Dereva," akasema, "nenda kalirudishe. Nataka lilie."

Nikaweka birika chini, nikatoa funguo mfukoni, nikaenda.